Mulango ya Mbele ya Nyumba ya Pamba

Bwana yangu aliacha kutoka inje ile siku kikwembe yake ya kujifunga kiuno ilianguka mbele ya bamama benye kutoka soko. Vijana balikuwa banamubeba, mumoja mukono, mwingine muguu, kama vile tunabebaka muzigo ya mihogo. Pale kwa ngazi mumoja aliteleza kidogo. Hakumuangusha, lakini kikwembe ilifunguka na ikabaki chini. Bamama benye heshima baligeuza macho. Bengine habakugeuza haraka. Bwana yangu hakutukana muntu. Alisema tu bamurudishe ndani, na wakati alikuwa amelala tena kwa kitanda akaniambia: "Sitabebwa tena mpaka siku ya sanduku."

Miguu yake ilikufa nyuma ya ugonjwa ile yenye inapigaka muntu kwa kichwa na kumuharibu upande. Mukono moja pia ilibaki bila nguvu. Kinywa ilibaki nzima. Na kwa kinywa hakuna mwenye alimushinda hapa Baraka. Maisha yake yote aliuzisha mafuta ya mawese, alikuwa anapanda nayo mpaka Lulimba kwa bachimba-zahabu, na mi ninajua kama bantu balikuwa banalipia maneno yake zaidi kuliko mafuta yenyewe.

Tena yeye njo mukubwa wa ukoo. Kwetu Babembe banaume banakuwaka na lubunga, ile kibanda ya wazi pale banakaa kusikiliza mambo: mahari, mashamba, magomvi, kifo. Lubunga yao iko ng'ambo ya barabara, nikiwa kwa mulango ninaiona. Muntu hatumake maneno kwa lubunga. Anakaa pale, anasikia, anajibu. Na kuhamisha lubunga ndani ya chumba ya mugonjwa, hapana, haifanyikake. Basi mwenye hatoki anahesabiwa kama hayuko. Bandugu yake bakaanza kuamua vitu bila yeye, na nyuma banakuja kumuambia. Banakuja na heshima yote, banakaa pembeni ya kitanda, banasema: Muzee, tuliona hivi na hivi. Yeye anaitika. Bakitoka, anageukia ukuta.

Kule Nundu kwa hospitali balitupatia kiti ya magurudumu. Kiti muzuri, yenye nguvu. Tulifika nayo nyumbani, tukaipitisha kwa ngazi, na pale kwa mulango ikakwama. Tukaigeuza. Tukaiinamisha. Mwisho tulibidi kuikunja ndipo ikaingia, na ikabaki ndani pamoja na mwenyewe. Inazunguka naye salon ya kupokelea bageni, inarudi naye chumba. Inje, hapana.

Nitaeleza ile nyumba kidogo. Ilijengwa na Muzungu mwenye alikuwa ananunua pamba, wakati bazazi betu balilazimishwa kulima pamba hata kama balikuwa na njaa ya mihogo. Wakati ya uhuru Muzungu alienda na akaiachia baba ya bwana yangu, mwenye alikuwa mupishi yake. Kwa bantu inaitwa mpaka leo nyumba ya pamba. Chini ni mawe, juu ni matofari ya kuchoma, na juu ya mulango balitia herufi na mwaka. Wakati ya vita paa iliungua, ukuta haikuanguka. Mulango ya mbele iko nyembamba. Mi sijui kama ule Muzungu alikuwa mwembamba ao alikuwa anaogopa bantu kuingia babili kwa mara moja. Mulango ya nyuma iko, lakini mvua ilikula udongo yote ya kule, ukitoka tu uko kwa shimo. Mbuzi yetu moja ilivunjika muguu kule.

Basi nikaona kitu ya kufanya iko moja: kupanua mulango ya mbele, na pale kwa ngazi kutia mutelemuko ya sima ya kujengea, kiti ishukie pale. Hakuna mwanamuke mwenye akili angeona kitu ingine.

Nikaita fundi, Murundi mumoja mwenye alikuja na bakimbizi benzake na akajulikana huku kwa kazi ya mawe. Alipima, akagonga ukuta na vidole, akasema ukuta iko nene lakini haina chuma ndani. Alianza. Alikuwa ametoa tofari mbili tu wakati kijana wa komine, ofisi ya muji, alipita na pikipiki, akasimama, akarudi nyuma. Aliuliza ruhusa iko wapi. Nikamuuliza ruhusa ya nini. Ya kuvunja, alisema. Nikamuambia ninavunja nyumba yangu, sivunji ya mama yake. Alicheka kidogo, ni mutoto wa muntu ninajua, hakunikosea heshima. Alisema hii nyumba haiko kama ingine, iko ya zamani, na kuna neno lilitoka juu kama nyumba za zamani zenye kubaki zisiguswe upande ya mbele. Aliitaja na Kifaransa, patrimwani, na aliponiona nimefunga uso akanielezea: ni kitu ya bote.

Nikamuuliza bote banani. Inchi muzima, Mama, alisema. Nikamuuliza kama inchi muzima njo ilikuja kurudisha mabati nyuma ya vita, juu mi nilikumbuka tu bwana yangu na bandugu yake. Akapanda tena pikipiki. Alisema tusimamishe kazi mpaka nipate ruhusa, na akaenda.

Fundi alisikia neno ruhusa na akaweka nyundo ndani ya mufuko. Alisema yeye ni mukimbizi, na mukimbizi hagombanake na serikali ya inchi yenye ilimupokea. Zile tofari mbili alizirudisha ndani ya shimo bila sima, kama muntu anarudisha jino. Zikabaki zinatikisika.

Sasa ruhusa inatoka kwa nani? Mi nilifikiri ni kitu ya kwenda kuuliza asubuhi na kurudi kupika. Nilienda komine. Mukubwa wa pale alinipokea muzuri, akanipa kiti, akasema mambo ya udongo si yao, niende kwa sekta, ofisi ya mukubwa wa vijiji. Kwa sekta balisema udongo ni yao kweli, lakini ukuta yenye kusimama juu ya udongo si yao, na zaidi ukuta ya zamani. Ile iko kwa teritwari, serikali ya juu yao, kule Fizi. Nikauliza kama udongo iko huku, ukuta inaweza namna gani kuwa Fizi. Balicheka, bakasema Mama iko na maneno. Sikuwa ninacheka.

Nikapanda pikipiki mpaka Fizi, ile barabara ya milima, na vumbi yote ikaingia ndani ya kitambaa yangu. Kule kuna biro, ofisi ya serikali, na nyuma ya biro kuna biro ingine. Papa, ule muzee wa biro ya kwanza, aliniambia: kama hakuna karatasi kutoka Bukavu yenye kutaja nyumba yako, basi ni nyumba kama ingine, rudi uvunje. Moyo yangu ikatulia. Nikasimama niende. Mama mumoja mwenye alikuwa anakaa kwa meza ya pili akasema hapana, papa anakosea: juu haijatajwa bado, njo maana haiguswe, mpaka itajwe ao ikataliwe. Nikamuuliza itakataliwa lini. Akasema mbele baiandike, nyuma ndipo bataona kama banaikataa. Bale babili bakaanza kubishana na Kifaransa, na mi nikabaki katikati nimeshika kitambaa yangu, sijui kama niko nasimama ao ninakaa.

Kwa biro ya mwisho kulikuwa mwanaume mupole mwenye alinielezea pole pole. Ndani ya nyumba ni yako, Mama, alisema. Vunja, jenga, weka ukuta, hakuna mwenye atakuuliza. Uso ya inje njo haiko yako peke yako. Nikafikiri ile neno. Ilikuwa ya kwanza yenye niliweza kushika. Nikamuuliza: "Na mulango? Iko ndani ao iko inje?"

Alichukua bic ya kuandika, akairudisha chini. Akasema mulango iko katikati. Nikamuuliza katikati ni ya nani. Akasema ile swali ni muzuri, ataipeleka kwa bakubwa, na kutoka Bukavu muntu atatumwa kuja kuona nyumba na macho yake. Lini? Atakuja. Nikarudi Baraka na ile jibu moja: atakuja.

Nilimuelezea bwana yangu yote. Alikuwa amelala chali, anaangalia mabati.

"Balikuuliza nyumba iko na miaka ngapi?"

"Baliniuliza."

"Na mi, balikuuliza niko na miaka ngapi?"

"Hapana."

"Urudi. Ubaambie kuna kitu ingine ya zamani ndani, baandike yote pamoja. Mi pia nikatazwe kuguswa, utaacha kunisugua na ile jiwe yako ya kuogesha."

Nikamuambia kama asipofunga kinywa nitamusugua mara mbili. Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda.

Bantu balikuwa banakuja kumusalimia kwa dirisha. Ile dirisha pia iko juu, Muzungu hakupenda kuonwa. Bwana yangu kutoka kwa kiti alikuwa anaona tu vipaji vya uso vya bantu, na alianza kujua kila muntu kwa kipaji chake: huyu ni mwenye deni ya kuku, huyu anazeeka, huyu amelia. Mwanzo alifanya ni mchezo. Nyuma akaacha. Muntu anaita kwa dirisha, "Muzee, uko?", na yeye ananiangalia tu, mi njo ninajibu kama yuko.

Kisha ikafika siku ya mahari ya mujukuu yetu, binti ya mutoto yetu wa kwanza. Bageni balikuja na mbuzi na vikwembe, bakapokelewa kwa lubunga. Neno ya kupokea ilikuwa ya bwana yangu. Mudogo yake aliisema. Alikuja kwanza kuomba, alikuwa na haya, alisema: "Muzee, tukubebe tu leo, tutakufunga vizuri." Bwana yangu akasema hapana. Basi tulisikia kila kitu kutoka ndani: makofi, maneno, banaume kucheka. Nilifikiri atageukia ukuta kama siku zote. Ile siku hakugeuka. Alikaa kwa kiti yake mbele ya mulango wazi, na aliuangalia, kama vile unaangalia muntu mwenye anakudanganya na unamujua.

Mi nikasimama nyuma yake. Nikashika kiti kama vile nitamusukuma.

Siku moja mutu wa komine alituma kusema mugeni kutoka Bukavu amefika Uvira, anateremuka kwetu, ni juma hii. Nilibaambia bamama ba kanisa siku ya maombi, kwa kifupi, juu sipendi kueleza sana: mugeni mukubwa anakuja kuangalia nyumba yetu, muniombee. Ni ile tu nilisema. Na kesho yake nikaenda Nundu kuchukua dawa ya bwana yangu, mvua ikafunga barabara, nikalala kule kwa dada yangu.

Niliporudi nilipita nyumba yangu. Ninasema kweli, niliipita. Nilitembea mpaka kwa jirani ndipo nikageuka.

Bamama balikuwa bamekuja bote. Kwetu mugeni mukubwa hakuti nyumba chafu. Kama mwenye nyumba hana nguvu, benzake banamupakia. Hakuna wa kuombwa, hakuna wa kulipwa. Balileta udongo mweupe kutoka kwa muto, balileta chokaa yenye ilibaki kwa kazi ya kanisa, balichanganya na sima kidogo ili ishike. Balikandika mbele yote, kutoka chini mpaka kwa mabati. Kila ufa balifunga. Zile tofari mbili zenye kutikisika balizifunga pia, juu zilikuwa zinaleta haya. Ile herufi na mwaka juu ya mulango balijaza, bakalainisha na chupa mpaka ikawa sawa kama sahani. Chini bakapiga mustari mweusi ya masizi. Nyumba ilikuwa inaangaza. Mama mumoja, kiongozi ya kwaya, alikuwa bado kwa ngazi, mikono meupe mpaka kwa kiwiko, akaniuliza: "Mama, unaona? Hata Bukavu haiko na nyumba kama hii."

Niliketi juu ya jiwe. Bakafikiri ni furaha.

Ningesema nini? Kama ni muntu mumoja, ningemugombeza mpaka akojoe. Lakini ni bamama makumi, na bengine balitembea kutoka mbali na udongo kwa kichwa. Na mi mwenyewe kama ni nyumba ya mwenzangu ningefanya hivyo hivyo, na ningeshika chupa. Nilibashukuru. Nilibapikia sombe, ile mboga ya majani ya mihogo. Usiku sikulala, nilikuwa ninajiuliza: kama uso ya mbele ni ya inchi muzima, na inchi muzima njo ilikuja kuipaka, kosa ni ya nani?

Bwana yangu ndani hakujua kitu. Alisikia bamama kuimba siku muzima, alifikiri ni maombi yake.

Mugeni alifika na gari nyuma ya siku mbili. Ni mwanamuke, kijana kwa macho yangu, na suruali na viatu vya kutembea, na telefone kubwa. Bamama balikuwa bamekuja tena, na vitenge vya siku kuu. Mugeni alisalimia vizuri, kisha akasimama mbele ya nyumba na akabaki amesimama. Anaangalia telefone, anaangalia nyumba. Aligeuka barabarani, akaangalia huku na kule. Akaniuliza kwa heshima: "Mama, nyumba ya pamba iko wapi?"

"Ni hii."

Akanionyesha telefone. Ndani kulikuwa picha ya zamani, nyumba yetu na matofari yake yote, na herufi juu ya mulango, na Muzungu na kofia. Bamama balikuja kuangalia pia. Mumoja akasema: wapi, hii yetu njo inapendeza. Mugeni akauliza nani alipaka. Bote bakainua mikono. Na bengine bakapiga vigelegele.

Ule mama hakukasirika, na ile njo ilinichanganya zaidi. Alikaribia ukuta, akaugusa. Akaukwaruza na ukucha, kipande ya chokaa ikatoka na ngozi ya tofari ndani yake, nyekundu. Akaacha. Alisema tukisugua, tutabomoa zaidi. Aliandika kitu kwa telefone, akafuta, akaandika tena. Mi nilimungoja. Mwisho nikamuuliza kile nilikuwa ninauliza kila mutu, kama ruhusa iko ao haiko.

"Mama, mi nilitumwa kulinda uso ya hii nyumba," alinijibu. "Ile uso haiko tena. Sina kitu ya kulinda hapa."

"Njo kusema nivunje mulango?"

"Sikusema hivyo."

"Njo kusema nisivunje?"

"Sikusema hivyo pia. Siwezi kuruhusu kubadilisha kitu yenye ilibadilishwa bila ruhusa."

Nilimuomba arudie. Alirudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Hapo kutoka ndani bwana yangu akaita. Alikuwa amesikia sauti ya mugeni. Kwetu mugeni haondokake bila kusalimia muzee, nikamuingiza. Alipita upande, na ile mufuko yake ya mugongo ikagusa huku na huku. Bwana yangu alikuwa ndani ya kiti yake, nilikuwa nimemuvalisha shati. Alimusalimia, alimuuliza habari ya barabara, alimuuliza kama Bukavu bado banapika na mafuta ya chupa kama vile hakuna mawese. Mugeni alicheka. Kisha bwana yangu akasema, na hakupandisha sauti:

"Binti yangu, ulitoka mbali kuona mulango. Mi ninakaa nyuma yake. Kwa bale bote benye kuzungumuza juu ya mulango, weye njo wa kwanza kuingia."

Mugeni akamuangalia, akaangalia kiti, akaangalia kule alipitia. Alisimama, akaenda nyuma ya kiti, akashika, akasukuma mwenyewe mpaka kwa mulango. Magurudumu ikagonga mbao. Akavuta nyuma, akajaribu tena pole pole, kama vile labda sisi miezi yote hii hatukujua kusukuma. Ikagonga.

Alimurudisha pale alimutoa. Wakati ya kuaga aliniambia maneno kidogo, karibu na sikio: kama siku moja tofari zinatoka pale, nisizitupe, niziweke pamoja mahali pakavu. Nikamuuliza kama ile ni ruhusa. Akasema ni shauri. Akapanda gari. Karatasi atatuma, alisema.

Tulingoja karatasi. Haikufika. Nikaanza kuhesabu ndani ya kichwa yangu yote yenye niliambiwa. Kijana wa komine alisema simama mpaka ruhusa. Papa wa Fizi alisema vunja. Mama wa meza ya pili alisema ngoja. Mwanaume mupole alisema katikati. Mugeni alisema hana kitu ya kulinda, na nisitupe tofari. Niliigeuza hivi, niliigeuza vile. Mi nilisoma kidogo tu, lakini nimeendesha nyumba yenye bantu kumi na vita mbili, sikuwahi kukuta kitu yenye kila mutu anaijua na hakuna mwenye anaisema. Siku moja ninapepeta unga nikaona kama kwa ile safari yote, hakuna hata mumoja mwenye aliniangalia machoni na kuniambia hapana. Sijui kama ile ni ndiyo. Mpaka leo sijui. Niliweka lungo chini na nikaenda kuita fundi.

Fundi alikataa. Alisema nyundo yake haitagusa ule ukuta. Nilimuambia basi akuje bila nyundo. Akafikiri, akakubali. Alikuja, akasimama kule barabarani kabisa, mikono nyuma, kama muntu anangoja pikipiki, na kutoka kule alikuwa anasema: juu kidogo, hapana, upande ya kuume, tieni mbao kwanza ishike juu, sasa pigeni. Bamama njo balipiga. Bale bale benye kupaka. Kiongozi ya kwaya alipiga tofari ya kwanza, na aliomba chokaa yake samahani. Kila mara mutu anapita, fundi anaangalia ng'ambo, anapiga mluzi, na mutu akienda anarudia: sasa ile ya chini. Bantu bakacheka mpaka nyundo ikaanguka. Mi sikucheka sana, juu kila pikipiki yenye ilisikika niliona ni komine.

Ndani ya ule ukuta munene hakukuwa kitu. Udongo, mawe madogo, mufupa moja ya samaki. Sijui nilifikiri tutakuta nini. Tofari tuliziweka pamoja mahali pakavu, na zile zenye chokaa pembeni.

Sima ya mutelemuko ilipokauka, asubuhi nilimuvalisha bwana yangu suruali na koti. Kikwembe alikataa. Nilisukuma mwenyewe, nilikataza vijana. Kiti ilipita, na kulibaki nafasi ya mukono kila upande. Inje alifunga macho juu ya jua. Alikaa hivyo muda, anapumua. Kisha akaniambia nimugeuze aone nyumba.

Aliangalia ile weupe, na mustari mweusi chini, na shimo mupya ya mulango katikati, bado na vumbi. Bamama bakangoja neno yake.

"Nani alipaka nyumba ya baba yangu kama kaburi?"

Kiongozi ya kwaya alisema ni yeye, na kama muzee hapendi, aingie tena ndani. Bwana yangu akacheka, na ile njo kicheko ya kwanza niliisikia kwake tangu ile siku alikuwa amelala anaangalia mabati. Alisema hapana, hapana, hata kaburi muzuri mutu anatoka inje kuiangalia.

Banaume balitoka kwa lubunga kuja kumuchukua. Mudogo yake alishika kiti, mi nikaachilia. Kule mwanamuke haendi, basi nilibaki pale kwa mulango, na vumbi kwa vidole. Niliona banasogea, banamupa mahali yake. Kulikuwa na neno ya shamba ile siku, kati ya batoto ba mama moja. Nilisikia sauti yake kupanda, na sauti ingine kumujibu, na yake tena. Sikusikia maneno.

Jioni balimurudisha amekasirika. Balimushinda. Bale vijana bote, alisema, banajua sheria ya karatasi, hakuna mwenye anajua mupaka iko wapi, na balimupinga mbele ya bantu. Hakukula. Nikamuambia ulitaka lubunga, umepata lubunga. Aligeukia ukuta akalala, akakoroma usiku muzima, na mi nikalala macho wazi nikisikiliza kama kuna gari inasimama.

Asubuhi aliniamusha mbele ya jogoo. Aliuliza koti yake iko wapi, amekumbuka kitu ya kubajibu.